Mbalanga chini ya hina

Kwa miezi minane hakuna aliyejua kuwa nina mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, hata marehemu mume wangu, na sababu yake ni hina.

Kazi yangu ni kupaka hina. Napaka maharusi wa hapa Chake Chake na wa vijijini, Wawi, Ole, Kengeja, na mara mojamoja navuka kwenda Unguja nikiitwa. Mwanamke wa kazi hii vidole vyake haviachi kukolea. Ncha zangu zilikuwa nyekundu mwaka mzima, kucha na pingili ya kwanza, mpaka watoto wa mtaani wakiniita Bi Komamanga. Basi Ramadhani ya 2018, baka jeupe lilipochomoza kwenye ncha ya kidole cha shahada, dogo kama punje ya chooko, nililiona mimi tu, siku hina ilipofifia. Nikapaka nyingine. Baka likanywa hina kama ngozi iliyobaki, ila lilitoka rangi ya chungwa, halikufikia ile damu ya mzee niliyoizoea. Hilo nalo nililiona mimi tu, kwa jicho la kazi.

Kufika Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, vidole vinne vilikuwa na alama, viwili kila mkono. Kila lililotokea kulia lilifuatwa na mwenzake kushoto, mtu na kioo chake. Likatoka jengine pembeni mwa mdomo. Hilo halikuwa la kufichwa kwa hina. Nililifunika kwa poda, na ushungi nikauvuta mbele kidogo. Watu wakadhani nimezidi kuwa mcha Mungu.

Januari 2019 mume wangu akafariki. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, na mwenye eda hapaki hina, hatii wanja, hajitii manukato. Hina ya kwenye ngozi haikai. Wiki mbili tatu ishatoka, ikabaki ya kucha tu, nayo inasukumwa mbele kadiri kucha zinavyokua. Wiki ya nne vidole vyangu vilikuwa uchi mbele ya kila aliyekuja kunipa pole, na mabaka wakati ule yalikwisha kuwa meupe pe, kama niliyechovya vidole kwenye chokaa.

Nikawaona watu wakinishika mkono wa tanzia, kisha mkono ule ule wanaufuta kwa kanga kwa chini chini. Kila mmoja alikuwa na jina lake la maradhi. Mmoja alisema ni majonzi, rangi imeondoka na mwenyewe. Mwengine akasema nimetupiwa, na kwa Pemba neno hilo halihitaji ushahidi. Wa tatu alisema ukoma, kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha. Shangazi wa marehemu hakusema kitu. Yeye alifunga uzi mwekundu kwenye sikio la kikombe kimoja, na kuanzia siku ile kikombe kile ndicho kilichokuwa kinaletwa kwangu.

Uzi ule ulinikata kuliko neno.

Aliyenifungulia mlango wa kwanza ni ustadhi aliyeitwa kunifanyia kisomo. Alikaa upande wa pili wa pazia, akasoma, na katika dua zake akasoma ile ya kujikinga na barasi, na wazimu, na jedhamu, na maradhi mabaya. Alipomaliza akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia, na nimeumia, maana nimetajwa humo. Akasema, "Sikiliza vizuri. Mtume kaitaja barasi, kisha kaitaja jedhamu peke yake. Barasi ndiyo mbalanga, jedhamu ndiyo ukoma. Ingekuwa kitu kimoja angekitaja mara mbili kwa nini?" Kisha akamwita shangazi, akamweleza maneno yale yale. Kwangu akaongeza, "Mimi nitakusomea. Na spitali uende."

Mwenye eda huruhusiwa kutoka kwa haja ya tiba, na nikatoka. Kwenye kituo cha afya nilipofika, mhudumu alinifumbisha macho akanigusa kwa ncha ya pamba, hapa, pale, juu ya baka, nje ya baka, na mimi nionyeshe kwa kidole aliponigusa. Nilionyesha pote. Baka la ukoma hupoteza hisia, halisikii pamba wala sindano, na kawaida haliwi jeupe la chokaa namna hii. Hufifia tu au huwa jekundu-jekundu. Na hata ukoma wenyewe una dawa, tena ya bure. Nilirudi nikamwambia shangazi habari ya pamba. Alikata uzi jioni ile ile, kwa meno.

Mhudumu yule alijua nisichokuwa nacho, lakini nilichokuwa nacho hakukijua. Alinipa krimu ya fangasi. Nikapaka wiki sita. Fangasi za ngozi nazo huacha madoa yaliyopauka, ila mara nyingi huwa na magamba ukikwaruza, au huwasha. Yangu yalikuwa laini kama ngozi ya mtoto, hayawashi, hayaumi, hayana hata unga. Leo mtu akinionyesha doa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kulikwaruza kwa ukucha na cha pili kumwomba afumbe macho.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana haya mpaka hapa yalikuwa ya wengine.

Eda iliisha ndani ya Ramadhani. Baada ya Idi kazi haikurudi kama zamani. Harusi zilikuwa nyingi, kama kawaida ya Mfungo Mosi, lakini mimi niliitwa mbili tu. Wifi yangu, ambaye hanitakii ila kheri, akaniletea dawa: ndimu, na mafuta ya makonyo ya karafuu. Kamua ndimu, changanya na mafuta, sugua penye weupe, kaa juani mpaka pakolee. Alikuwa na mtu anayemjua aliyepona. Kila dawa ya mbalanga ina mtu wake aliyepona, na mtu huyo siku zote anakaa mbali.

Nikasugua vidole, nikasugua pembe ya mdomo, na mchuzi wa dawa ukanichirizika mpaka kwenye kigimbi cha mkono, mahali palipokuwa na rangi yake nzuri tu. Nikakaa uani juani tangu saa nne mpaka adhuhuri. Usiku ngozi iliwaka moto. Kesho yake asubuhi nikaamka na malengelenge. Mkononi yalifuata ule mchirizi sawasawa, kama njia ya maji kwenye ukuta. Vidonda vilipokauka pakawa peusi, na mwezi wa pili yake, katikati ya ule weusi, pakaanza kufunguka weupe. Kufika Septemba nilikuwa na baka refu mkononi lenye umbo la mchirizi wa ndimu. Mbalanga haikuwa imenipa baka lile, nililichora mwenyewe, kama ninavyochora maua.

Hapo ndipo nilipouza bangili mbili nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja kwa daktari wa ngozi.

Alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia kabla sijakaa. Akanitazama uso, mikono, miguu, akaniingiza kwenye chumba cha giza na kuwasha taa yenye mwanga wa zambarau, wenyewe wanaiita taa ya Wood. Chini ya taa ile mabaka yaling'aa weupe wa buluu. Yaling'aa na pengine ambapo mchana sikuona kitu: kope za jicho la kushoto, kiwiko, juu ya vidole vya miguu. Nilitaka kulia. Akaniambia, "Mama, usiogope, taa haiongezi, inaonyesha tu. Hii ni vitiligo. Ndiyo mbalanga yenyewe."

Nikamwuliza imetoka wapi. Alinieleza kwa mfano, nami kwa kuwa ni mtoto wa shamba la mikarafuu niliukamata mara moja. Ndani ya ngozi mna seli za kutengeneza rangi. Mwili una walinzi wake wa kupambana na maradhi. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakazishambulia zile seli za rangi. Ni kama umeweka mlinzi shambani amkamate mwizi, yeye akageuka kuikata mikarafuu. Panapokatwa panabaki wazi. Haiambukizi kwa mkono, wala kikombe, wala kitanda. Mtu huzaliwa na mwelekeo wake, na huenda katika ukoo mkawa na mwengine, lakini wengi wenye mbalanga hawana jamaa hata mmoja mwenye nayo.

Nikamwuliza kuhusu majonzi. Akasema mshituko mkubwa unatajwa na wagonjwa wengi, ila yangu ilianza Ramadhani, mume wangu akiwa hai na mzima. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Nilikuwa nimewaachia watu waseme majonzi kwa sababu majonzi yana heshima kuliko maradhi.

Nilipomweleza ndimu alifumba macho kidogo, kama mtu anayesikia chombo kikivunjika chumba cha pili. Kumbe dawa ya wifi ina ukoo wa kale. Ibn al-Baytar, yule mtaalamu wa mimea kutoka Andalusia wa karne ya 13, aliandika habari za mbegu za mmea mmoja ambazo mwenye barasi hupewa, kisha akaketi juani. Miaka ya 1940 daktari mmoja wa Kimisri, El Mofty, akaijaribu dawa iliyotolewa kwenye mmea huo kwa wagonjwa wake, na kutoka hapo yakazaliwa matibabu ya kweli ya dawa na mwanga. Kemikali ya mmea ule inaitwa psoraleni, na jamaa zake wamo kwenye ndimu, hasa kwenye mafuta ya ganda. Wao walipima dawa na walipima mwanga. Mimi nilikamua ndimu nzima na ganda lake na nikachukua jua lote la Pemba. Mafuta ya makonyo nayo makali peke yake hata bila jua.

Kisha akanieleza jambo ambalo natamani lingeandikwa kwenye kila duka la dawa: mbalanga ikiwa bado inatembea, ngozi ikijeruhiwa, weupe unaweza kuja kukaa kwenye jeraha. Mkwaruzo, moto, ukanda unaobana kiunoni, kusugua kwa jiwe. Mwenye mbalanga anayeichubua ngozi ili itoe rangi anaikaribisha. Nikakumbuka msio niliojisugua, habasoda niliyoitwanga nikaibandika ikanibabua, na dodoki. Mwaka mzima nilikuwa naiumiza ngozi ambayo yenyewe haikuniuma hata siku moja.

Akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea. Navaa malapa ya mpira? Glavu? Napaka piko? Zipo kemikali kwenye mpira na gundi zinazoweza kufuta rangi pale zinapogusa. Kwa piko nilijikunja kidogo. Wasiokuwa wa kwetu huenda hawajui: piko ni ile rangi nyeusi tunayochorea maua ya maharusi. Zamani watu walikuwa na njia zao, siku hizi ni dawa ya nywele ya kopo au ya pakiti, na nyingi zina kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Nimeshaona mikono ya maharusi ikivimba kwa piko, na ua lote likainuka malengelenge siku ya tatu ya fungate. Daktari alisema kwa watu wengine piko ikishaunguza huacha weupe nyuma yake. Hakusema ndiyo iliyonianzishia mimi, maana hawezi kujua. Lakini nimeishika kwa vidole hivi hivi miaka kumi na sita, bila glavu, na vidole ndivyo vilivyoanza. Tangu siku ile sipaki piko. Imenigharimu, maharusi wa sasa wanataka weusi unaoonekana kwenye picha, na anayepaka hina tupu wanamwona bibi kizee. Sawa.

Akanitoa damu. Nilidhani sukari tu. Alipima na sukari, lakini alichokuwa anakitafuta ni tezi ya shingoni, kwa sababu walinzi wakishakosea shamba moja huenda wakaingia na la jirani. Majibu yakaja: tezi yangu inafanya kazi chini ya kiasi. Akaniuliza, unachoka? Unasikia baridi watu wakilalamika joto? Choo kigumu? Umenenepa bila kula? Yote ndiyo. Ule uzito wote niliokuwa nao tangu mwaka ule, wa kushindwa kuinuka alfajiri, wa kukaa na bakuli la hina mbele yangu nisijue pa kuanzia, nilikuwa nimeuita msiba. Msiba ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Sasa nameza kidonge cha levothairoksini kila asubuhi tumboni hamna kitu, na Ramadhani nakinywa usiku kabla ya kulala, saa kadhaa baada ya futari. Mwenye mbalanga ambaye hajapimwa tezi namwomba akapimwe. Weupe haujaniua hata kidogo, lakini ndio ulionipeleka kwenye kipimo.

Kuhusu dawa ya ngozi alikuwa mkweli mpaka nikamchukia kwa nusu saa. Alikishika kidole changu akaniambia, "Usoni nakupa matumaini. Mkononi nakupa kiasi. Hapa kwenye ncha, Mama, sikuahidi kitu."

Sababu yake ni vinyweleo. Kwenye mzizi wa kila kinyweleo kuna ghala la akiba la seli za rangi. Walinzi wakitulia, seli hutoka ghalani zikatambaa juu ya ngozi zikaijaza upya. Uso umejaa vinyweleo laini, kwa hiyo uso ndio unaoitikia vizuri. Ncha za vidole na viganja havina kinyweleo hata kimoja, hakuna ghala. Midomo vilevile. Na pale ambapo unywele wenyewe umeshakuwa mweupe, ghala nalo limeibiwa. Nyusi yangu ya kushoto ina nywele tano nyeupe. Alizihesabu.

Kwa uso akanipa marhamu ya takrolimasi mara mbili kwa siku. Kwa mkono, krimu kali ya steroidi, wiki mbili kupaka na mbili kupumzika, tena akanionya nisiipeleke usoni, kwa kuwa ikizidi ngozi hukonda ikawa kama karatasi ya sambusa, ikatoka michirizi na vishipa. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayochanganywa na watu kwenye mkorogo wakajipaka mwili mzima. Dukani nilikowahi kuulizia mwanzo, muuzaji alinishauri hivyo hasa: kama sehemu nyeupe hazirudi, basi niung'arishe mwili uliobaki ulingane nazo. Alikuwa hatanii.

Kuna tiba ya miale ya urujuanimno, unasimama ndani ya mashine yenye taa ndefu kama za dukani, dakika chache tu kila mara. Ndiyo tiba inayotegemewa kwa mtu mwenye mabaka mengi. Lakini inataka mara mbili au tatu kila wiki, na uihesabie miezi sita kabla hujasema imefanya kazi au haikufanya. Mimi ni mtu wa Chake Chake. Mara tatu kwa wiki sifiki hata kwa mama yangu mzazi. Nikamwuliza habari ya krimu mpya niliyomsikia mwanangu akiisoma kwenye simu. Akaniambia ipo, ruksolitinibu, Marekani waliiidhinisha kwa mbalanga mwaka 2022, ila bei yake ningeuza bangili zote na mkono uliozivaa. Hayo alinijibu safari ya baadaye, siku ya kwanza haikuwepo bado.

Nikarudi Pemba na mirija miwili ya dawa na shingo upande.

Wiki za kwanza takrolimasi inachoma, hasa ukikaa mbele ya jiko. Nilitaka kuitupa, kwa sababu kilichonichoma kabla yake kilinitia hasara. Daktari alikuwa ameniambia mapema kuwa itachoma na kwamba itapoa, na ikapoa baada ya siku kumi hivi. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna. Wa tatu, Februari 2020, naswali alfajiri, nakaa kwenye kioo, naona pembeni mwa mdomo vidoti vya kahawia. Viwili. Nikadhani ni uchafu, nikasugua. Wiki iliyofuata saba. Rangi haikurudi kwa kuingia kutoka ukingoni kama maji ya bamvua nilivyokuwa nikitarajia. Ilichomoza katikati, nukta nukta, kila nukta kwenye kinyweleo chake, kama ufuta juu ya mkate. Nukta zikapanuka zikagusana. Nikaanza kupiga picha kwa simu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, maana kioo kinadanganya wote wawili, mwenye tamaa na mwenye kukata tamaa. Iliuchukua uso miezi kumi na moja. Mchirizi wa ndimu umerudi nusu. Nyusi imebaki na nywele zake tano, nazo nazitia wanja.

Vidole havikurudi, kama alivyosema.

Sehemu nyeupe haina kinga yake ya jua. Mkono wangu umeungua siku moja tu nilipowasaidia jamaa kuanika karafuu kwenye majamvi. Sasa natoka na mikono mirefu, na mahali palipo wazi napaka losheni ya kukinga jua. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, waliwahi kuanza kutengeneza yao, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilipoisikia nilifurahi kwamba kuna mtu Afrika hii hii aliyekaa akafikiri habari ya ngozi na jua letu, si jua la Ulaya.

Huwa nafikiria hesabu. Inakadiriwa duniani mtu mmoja kwa kila mia ana mbalanga, wengine husema nusu yake, wengine zaidi kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya laki tano. Basi hata kwa hesabu ndogo tuko maelfu kisiwani humu, na mimi katika maisha yangu nilikuwa nimewaona watatu. Wengine wako wapi? Wako chini ya mabaibui na soksi, chini ya kanzu ndefu, na naamini wengine chini ya hina. Tangu vidole vyangu vitoke hadharani wameanza kujitokeza. Mwanamke wa Wete alinivuta pembeni harusini akanionyesha magoti. Kijana mwendesha bodaboda alinionyesha mgongo wa mkono, akaniambia skuli walimwita Michael Jackson. Nikamwambia huyo mwenye jina lake alikuwa nayo mbalanga kweli, alisema mwenyewe mbele ya dunia mwaka 1993, na siku aliyofariki, Juni 25, ndiyo ilikuja kuchaguliwa kuwa siku ya mbalanga duniani. Hakujua. Alidhani ni tusi tu.

Wapo waliokwisha kunikataa na hawajarudi. Mama mmoja alinilipa hela kamili na kuniambia kwa adabu niende zangu, mwanawe atapakwa na mwengine. Nilizichukua zile hela. Niliwahi kufikiri nipake hina vidole vyangu kabla ya kila kazi, nifunike kama zamani. Nikajaribu mara mbili. Nilikuwa natazama vidole vyangu kuliko mikono ya bi harusi, na maua yakatoka ovyo. Siku hizi napaka nikitaka, kwa Idi, na vidole vikifika harusini vyeupe vinafika vyeupe.

Mfungo Mosi uliopita niliitwa Kengeja. Nyumba imejaa, wanawake wameketi mpaka kizingitini, na mama wa bi harusi kajiweka mbele yangu kabisa, magoti yake yanakaribia bakuli. Tangu nilipofungua mkoba hakunipa nafasi. Namimina unga wa hina, anatazama mikono. Nakoroga, anatazama mikono. Nikajua linalokuja. Nimelisikia kwa sauti zote na majibu ninayo, marefu na mafupi, nikawa nachagua lipi linafaa mbele ya wageni. Akainama, akanyoosha kidole.

"Dada," akasema, "mbona hutii ndimu?"

Nikamwambia situmii ndimu siku hizi, natia maji ya ukwaju na chai kavu iliyokolea, maana bi harusi akianika mikono juani ndimu humuunguza. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akainusa.

"Na itakolea?"

"Itakolea, Inshallah. Mwiteni mwari."